Kabla ya kusaini mkataba wa kutunza mteremko, hesabuni mikono ya kila kaya

Swali

Msomaji mmoja, mjumbe wa kamati ya maliasili katika kijiji cha milimani mkoani Morogoro, ameuliza: "Kijiji chetu kinaombwa kuingia katika mkataba wa malipo ya kutunza chanzo cha maji. Kaya itakayoacha kulima sehemu yake ya mteremko mkali na kupanda miti, au itakayochimba matuta ya kuzuia udongo, italipwa kwa eka, kiwango kimoja kwa wote. Wenzangu wanaona hiyo ndiyo haki. Mimi nina wasiwasi, kwa kuwa kaya zetu hazifanani: wapo wajane, wapo mabibi wanaolea wajukuu, wapo wanaume wenye wake wawili, na wapo wenye vijana wanne wenye nguvu. Je, malipo hayo yatamfaa kila mmoja kwa kadiri moja? Tuangalie nini kabla ya kusaini?"

Jibu

Ndugu mjumbe, wasiwasi wako una msingi, na ningependa wenzako wausikilize mapema. Mkataba wa aina hii hulipia ardhi, lakini kinachobadilika nyumbani baada ya kusaini ni kazi. Eka iliyokuwa ikilimwa na kupaliliwa inaachwa, na mikono iliyokuwa juu yake haina budi kwenda mahali pengine: katika shamba lililobaki, katika kibarua, mjini, au katika ulezi. Inakokwenda hutegemea nani yumo ndani ya nyumba, ana umri gani, ndoa yake ni ya utaratibu gani, na ardhi ile imemfikia kupitia kwa nani. Ndiyo maana kaya mbili zenye eka mbilimbili na malipo yaleyale zinaweza kuwa mbali kabisa kimaisha baada ya miaka mitano, bila mmoja kuwa mvivu wala mwingine kuwa hodari kupita kiasi.

Nchi ambayo jambo hili limejaribiwa kwa upana mkubwa kabisa ni China, nayo ilianza na tatizo linalofanana na lenu, yaani mteremko unaolimwa na mto ulio chini yake. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika na kuua zaidi ya watu 3,000, na lawama kubwa ikaangukia miteremko iliyokatwa miti na kulimwa mpaka juu. Mwaka uliofuata serikali ilianza majaribio katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, kisha kufikia mwaka 2002 mpango ukaenea nchi nzima. Mkulima aliyeacha kulima mteremko mkali na kupanda miti au nyasi alipewa nafaka, fedha na miche. Katika bonde la Yangtze kiwango cha awali kilikuwa kilo 2,250 za nafaka kwa hekta kwa mwaka. Katika bonde la Mto Manjano, ambako mavuno ya mteremko yalikuwa madogo zaidi, kilikuwa kilo 1,500. Juu ya nafaka ziliongezwa yuan 300 kwa hekta. Malipo yaliahidiwa kwa miaka 8 kwa misitu ya hifadhi, miaka 5 kwa miti ya matunda na mingine ya biashara, na miaka 2 kwa nyasi. Baadaye nafaka iligeuzwa kuwa fedha, na kwa jumla kaya zipatazo milioni 32 ziliingia katika mpango huo.

Kiwango kilikuwa kimoja kwa bonde zima, kama mnavyopendekezewa ninyi, lakini matokeo yalitofautiana nyumba kwa nyumba. Watafiti Emi Uchida, Scott Rozelle na Jintao Xu walionyesha mwaka 2009 kwamba kaya zilizojiunga zilihamisha nguvu kazi kutoka shambani kwenda katika kazi zisizo za kilimo kuliko zile ambazo hazikujiunga, na kwamba ukubwa wa badiliko hilo ulitegemea watu na mali ambavyo kaya ilikuwa navyo tangu mwanzo. Si vigumu kuona sababu. Malipo yaliondoa hofu ya njaa na kutoa nauli. Nyumba iliyokuwa na kijana wa miaka ishirini aliyesoma kidogo ilimpeleka kiwandani, na tangu hapo ikawa na mapato mawili, ya mteremko ulioachwa na ya mshahara. Nyumba iliyokuwa na mume, mke na watoto wawili wadogo haikuwa na mtu wa kumwachilia. Ilipokea malipo, ikapungukiwa na shamba, ikaendelea kulima kipande kilichobaki kwa mikono ileile. Kwa nyumba ya kwanza mkataba ulikuwa mlango wa kutokea, na kwa ya pili ulikuwa fidia tu ya mavuno yaliyopotea.

Kuna jambo la pili katika kisa hicho ambalo ningependa mlitazame kwa makini zaidi, kwa sababu halionekani kwa haraka. Ardhi ya vijiji vya China iligawiwa kaya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuangalia idadi ya watu wa wakati ule, kisha sera ikaelekea kutogawa upya. Kaya iliyokuwa na mabinti watatu ilipata fungu la mabinti hao, na walipoolewa na kuondoka, fungu kwa kawaida lilibaki kwa wazazi. Kaya iliyomwoza mwana mke na kupata wajukuu baadaye ililisha watu wengi zaidi kwa ardhi ileile. Mpango ulipokuja kulipa kwa hekta, ulilipa sura ya familia ya miaka ishirini iliyopita. Mabinti waliokwisha kwenda waliendelea kuhesabika katika ardhi, na wakamwana waliokuwa wakipalilia miche kila siku hawakuhesabika. Kwenu pia ramani ya mashamba ni picha ya familia za zamani. Aliyerithi eka sita kwa kuwa alikuwa mtoto pekee atalipwa mara tatu ya yule aliyegawana eka hizo na ndugu wawili, ingawa huenda huyu wa pili ndiye mwenye watoto saba wa kulisha.

Jambo la tatu linahusu wazee. Kijana wa kijijini China akienda mjini hubaki ameandikishwa kijijini, na kwa muda mrefu uandikishaji huo umewafanya watoto wake wapate shida kusoma na kutibiwa mjini. Hivyo watoto waliachwa kwa babu na bibi. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, lakini matokeo yake tunayajua vizuri: bibi mwenye umri wa miaka sitini na tano, wajukuu wanne, na fedha zinazotumwa kwa simu pale zinapopatikana. Malipo ya kuacha kulima yanamfaa sana mtu kama huyu, kwa kuwa analipwa kwa kutofanya kazi ambayo tayari ilikuwa imemshinda. Lakini yeye pia ndiye anayeumia kuliko wote malipo yanapobadilika. Mwaka 2007 China iliongeza muda wa mikataba ya zamani, huku ikishusha fidia ya fedha kufikia takriban nusu, yaani yuan 105 kwa mu moja kusini na 70 kaskazini, mu moja ikiwa sehemu ya kumi na tano ya hekta. Nyumba yenye mishahara miwili ya kiwandani inaweza kulibeba punguzo kama hilo. Mzee aliyekwisha kukabidhi mteremko wake kwa miti, na asiye na mtu wa kumtuma popote, halibebi kwa urahisi, wala hawezi kung'oa msitu wa miaka minane ili apande mahindi.

Kutokana na hayo napenda mtenganishe vitu viwili ambavyo mkataba wenu, kwa jinsi ulivyoueleza, unavichanganya. Kuna malipo ya kuacha na kuna malipo ya kufanya. Kuacha kulima hakumdai mtu nguvu. Kuchimba matuta, kubeba samadi, kupanda miche, kuipalilia misimu miwili au mitatu ya mwanzo na kufyeka njia za kuzuia moto kunadai nguvu nyingi, tena katika wiki zilezile ambazo shamba la chakula linadai. Mkataba wa kuacha unazipa ahueni familia zisizo na mikono na kuzipa fursa familia zenye mikono. Mkataba wa kufanya unazipa faida familia zenye vijana na kuzitia deni familia za wajane na wazee, kwa sababu wao watalazimika kukodi vibarua kwa fedha ileile waliyolipwa, au watashindwa kutimiza masharti na kukatwa. Kiwango kimoja kwa eka kinachojumuisha yote mawili kitaonekana cha haki mkutanoni, lakini mjane akishamlipa kibarua hatabakiwa na kiasi alichobakiwa nacho jirani mwenye wana wanne.

Milima yenu inalijua jambo hili kuliko mahali pengi. Mwaka 1955 Uluguru ilizuka ghasia dhidi ya agizo la serikali ya kikoloni la kuchimba matuta ya ngazi. Watu walilalamikia kazi ya kulazimishwa, na walilalamika pia kwamba ngazi zile zilifukia udongo mzuri na kuacha juu ule usiozaa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko huko Kibungo Juu mpango wa malipo kwa wakulima kwa ajili ya maji ya mto Ruvu yanayokwenda Dar es Salaam, wanunuzi wakiwa DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola. Safari hii mkulima alijiunga kwa hiari na alilipwa kwa matuta, kwa kilimo mseto cha miti na mazao, na kwa kupanda misitu. Hiari na malipo ni tofauti kubwa na amri ya mkoloni, nami nauheshimu mpango ule kwa hilo. Hata hivyo tuta lina uzito uleule likichimbwa kwa amri au kwa hiari, na mwenye jembe moja nyumbani analijua hilo.

Hapo Uluguru pia ndipo mnapokutana na swali la ardhi imemfikia mtu kupitia kwa nani. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nyingi ni ya ukoo. Mwanamume anaweza kuwa analima shamba la mkewe, yaani la ukoo wa mkewe, na wajomba wa watoto wake wana sauti juu ya shamba hilo kuliko yeye. Mahindi na maharage hayamsumbui mtu, kwa kuwa msimu ukiisha shamba linarudi kuwa tupu. Mti ni jambo jingine. Anayepanda mti wa miaka thelathini katika ardhi ya ukoo anaonekana ameweka alama ya umiliki, na anayekodi shamba mara nyingi hukatazwa kabisa kupanda miti ya kudumu. Basi mkataba unaosema "mwenye shamba asaini" haujasema kitu mpaka muulizane: mke, ambaye shamba ni la ukoo wake, mume, ambaye jembe ni lake, au mkubwa wa ukoo, ambaye bila idhini yake miche itang'olewa siku ya ugomvi wa kwanza? Ushauri wangu ni kwamba idhini ya ukoo iandikwe mbele ya mashahidi kabla ya kupanda, na kwamba malipo yaende kwa wale wanaoishi juu ya shamba lile na kulifanyia kazi, mke na mume wote wawili wakitajwa kwa majina yao.

Nimesisitiza majina mawili kwa sababu ya yaliyoonekana upande wa Kenya kwa Wamaasai, ambako ukoo hufuata baba na wake wengi ni jambo la kawaida. Karibu na hifadhi ya Maasai Mara, ardhi ya ranchi ya kikundi ya Koiyaki, yaani malisho yaliyomilikiwa kwa pamoja, iligawanywa na wanachama wakapata takriban eka 150 kila mmoja. Waliokuwa wameandikishwa kama wanachama walikuwa hasa wanaume, wakuu wa familia. Hifadhi za wanyamapori za wenye ardhi zilipoanzishwa, Ol Kinyei mwaka 2005, Olare Orok mwaka 2006 na Naboisho mwaka 2010, kampuni za utalii zilizokodi ardhi zililipa kodi ya pango kwa mwenye hati. Sasa itazame boma ya Kimaasai kwa ndani. Kila mke ana nyumba yake aliyoijenga mwenyewe, na ana ng'ombe wake wa kukamua; maziwa ni mamlaka yake, ndiyo chakula cha watoto wake, na ziada ndiyo fedha yake ndogo. Mkataba wa hifadhi uliondoa makazi ndani ya eneo na kuwekea malisho masharti. Kilichopungua kilikuwa upande wa mke, yaani maziwa ya karibu, kuni na maji. Kilichoongezeka kilikuwa fedha katika akaunti ya mume. Mume mwema huigawa sawasawa kwa nyumba zote, na wapo wengi wa namna hiyo. Lakini si vyema chakula cha mtoto kitegemee wema wa mtu mmoja, hasa mwenye wake watatu anapokuwa na akaunti moja.

Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga utalii, malipo katika hifadhi kadhaa za Mara yalipunguzwa. Familia ambayo ilikuwa imebaki na mifugo, duka dogo na mtoto aliyeajiriwa ilivuka mwaka ule kwa njia moja, na familia ambayo ilikuwa imekalia kodi peke yake ilivuka kwa njia nyingine. Nalitaja hili ili msiruhusu kaya yoyote, hata ikitaka yenyewe, kutia mkatabani ardhi yake yote ya chakula.

Mfano mzuri wa kupanga malipo kwa kuiangalia familia ulikuwa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kuanzia mwaka 2000 wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasiweke uzio na waache wanyama wapite. Fedha ilitolewa kwa mafungu matatu yaliyooanishwa na mihula ya shule. Kiasi hakikuwa kikubwa. Lakini fedha inayofika wiki ya ada ina matumizi yanayojulikana na nyumba nzima, na mama anaweza kuiulizia bila kuonekana mchokozi. Fedha inayofika kwa mkupuo mmoja baada ya mavuno, wakati wa sherehe, haina mlinzi wa namna hiyo.

Tanzania tunayo njia nyingine iliyojaribiwa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji yenu. Katika majaribio ya kupunguza ukataji wa misitu yaliyoendeshwa na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, na TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, katika vijiji vya Kilosa na Lindi, mkutano mkuu wa kijiji uliamua mgawanyo, na fedha ililipwa kama gawio la mtu mmoja mmoja. Mwanamke alipanga foleni na kupokea fungu lake mwenyewe, na watoto wakahesabiwa. Njia hii ilifaa kwa sababu msitu ulikuwa wa kijiji kizima. Haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye shamba la mtu. Lakini hakuna kinachowazuia kuchanganya: sehemu ya malipo iende kwa wenye mashamba yaliyoachwa, na sehemu nyingine igawiwe wakazi wote kwa kichwa, kwa sababu asiye na eka mteremkoni naye amepoteza kuni na kibarua. Kijana aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wengine hatasaini popote, na siku mteremko utakapofungwa ndiye atakayekosa kazi wa kwanza.

Kuhusu kuni niseme kidogo tu. Huko Hoima na Kibaale kaskazini, Uganda, wenye misitu binafsi walilipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka kati ya 2011 na 2013. Jaribio hilo lilihusisha vijiji 121 na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Katika vijiji vilivyolipwa, miti ilipungua kwa asilimia 4.2, na katika vile ambavyo havikulipwa kwa asilimia 9.1. Mkataba ule uliruhusu kuokota kuni za miti iliyoanguka. Dai sharti kama hilo liandikwe, kwa sababu anayetembea mbali zaidi msitu unapofungwa ni mama na binti, na saa za safari hiyo huondolewa kwenye shamba au kwenye shule.

Sasa kuhusu maandalizi. Kabla ya mkutano mkuu, kamati yako izunguke kitongoji kwa kitongoji na daftari, na kwa kila kaya iandike idadi ya watu wenye nguvu ya kushika jembe, watoto na wazee wanaowategemea, walioko mjini na kama wanatuma chochote, nani analima kipande gani, na kipande hicho ni cha ukoo wa nani. Kwa mwenye wake wawili, andikeni nyumba mbili, kila moja na shamba lake na jina la mama wake, kwa kuwa ndivyo wanavyopika na ndivyo wanavyolima. Bibi anayelea wajukuu aandikwe mkuu wa kaya yake, hata kama hati ina jina la mwanawe aliye Dar es Salaam. Daftari hilo likiwa tayari, mtaona wenyewe ni kaya zipi ziwekwe katika malipo ya kuacha tu, zipi zinaweza kuchukua kazi ya matuta kwa malipo, na kwa kaya zipi kijiji kipange msaragambo wa kupanda na kupalilia miche ili mjane asikatwe fedha kwa kukosa mikono. Msaada wa sheria mnao: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na hati miliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mke na mume kwa pamoja.

Mwisho, someni kifungu cha muda. Mkataba wa miaka kumi utakuta harusi, talaka na misiba. Ulizeni, na jibu liandikwe: aliyesaini akifariki, malipo yanahamia kwa nani wiki hiyohiyo, kabla ya kikao cha mirathi? Wakiachana, nani anabaki na miti na nani anabaki na fedha? Kijana akirudi kutoka mjini na mke na watoto akataka mahali pa kulima, kaya inaweza kutoa kipande mkatabani bila kurudisha malipo yote ya nyuma? Anayeleta mkataba asipokuwa na majibu hayo, mwombeni aende nao akajaze, kisha mkutane naye tena baada ya mavuno.